Kupima densiti ya nta na alumini zikiwa zimeyeyuka, kwa vifaa vya mtaani

"Mwalimu, kalibu yangu inaingia maji lita mbili. Niyeyushe kilo ngapi za alumini?"

Swali hili nimeulizwa hapa Mbeya, Mwanjelwa na Uyole, na juzi kijana mmoja wa kusubu sufuria alinisimamisha barabarani nikiwa na mfuko wa viazi mkononi. Dada wa mishumaa naye anauliza lilelile kwa nta: anamimina hadi juu, asubuhi anakuta shimo katikati ya mshumaa kama limechimbwa na panya. Wanafunzi wa kidato cha sita nao huja na swali hilo kila mwaka wakati wa mradi. Nimechoka kulijibu mdomo kwa mdomo, kwa hiyo naliandika hapa.

Jibu fupi kwa yule kijana: karibu kilo 4.7 za kujaza kalibu, na si 5.4 kama kitabu cha fizikia kinavyokuambia ukizidisha kwa 2.70. Ile 2.70 ni ya alumini baridi, iliyoganda. Unachomimina wewe si hicho. Unamimina kimiminika cha nyuzi 700 kilichotanuka, na densiti yake ni nyingine kabisa.

Densiti, ambayo vitabu vingine vinaiita msongamano (si ule wa daladala pale Kabwe saa kumi na mbili jioni), ni gramu ngapi zinakaa ndani ya mililita moja. Nta ya nyuki ikiwa ngumu ina kama 0.96. Ikiyeyuka, kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, inashuka hadi kama 0.83. Alumini inatoka 2.70 hadi kama 2.37 pale inapoanza kuyeyuka, kwenye nyuzi 660, na inazidi kushuka kidogo kadiri unavyoipasha. Kwa hiyo densiti ya kitu kilichoyeyuka bila kutaja joto lake ni namba isiyo na maana. Andika zote mbili kila mara.

Nadharia inatosha hapo. Nitakufundisha njia mbili. Ya kwanza ni ya nta na vitu vinavyoyeyuka kwa joto dogo, ni sahihi sana, na ndiyo ninayotaka uanze nayo hata kama shida yako ni alumini. Ya pili ni ya alumini. Usahihi wake ni mdogo, lakini haikuunguzii mizani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha jiko

Mizani ya dijitali inayosoma hadi 0.01 ya gramu na kubeba angalau gramu 500. Ni zile ndogo za masonara. Wanunuzi wa dhahabu wa Chunya wanazo hizohizo. Ya jikoni inayosoma gramu nzimanzima haifai kwa njia ya kwanza.

Timazi, yaani kipande cha chuma cha kuzamisha ndani ya kimiminika. Silaha yako kubwa ni hii. Nenda kwa fundi wa mashine akukatie kipande cha shafti laini ya chuma, kipenyo milimita 20, urefu milimita 40, uzito kama gramu 98. Apige msasa kingo zote na atoboe tundu dogo sehemu ya juu. Usitumie bolti: hewa inajificha kwenye nyuzi zake. Usitumie nondo: mbavu zake zinafanya vilevile. Timazi ya waashi nayo iache, nyingi zina uwazi ndani.

Waya wa kuning'iniza. Chukua waya wa breki ya baiskeli, ufumue, utoe uzi mmoja. Watu wanauona mwembamba mno wanatafuta waya wa kufungia nondo. Hesabu mwenyewe: waya wa milimita 2 ukizama sentimita 5 unakula karibu 0.16 ya mililita. Timazi yako ni mililita 12 na nusu. Hapo umeshakosea zaidi ya asilimia moja kabla hujaanza.

Kikombe cha chuma cha mililita 300 hivi, kipana kiasi cha sentimita 7. Sufuria ya kukitia ndani, yenye maji. Kopo tupu la maziwa ya unga. Kipimajoto cha maabara kinachofika 110. Matofali manne na ubao wa kutengeneza kichanja cha kuning'inizia, chenye msumari katikati. Kipande cha plaiwudi cha kuweka kati ya kikombe na mizani. Vitambaa vikavu, vingi.

Na neno moja kuhusu kipimajoto. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayekitumbukiza kwenye maji yanayochemka, anasoma 94, kisha anakuja kuniambia ni kibovu. Si kibovu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Iringa ni karibu 95. Kikisoma 100 kamili hapa ndipo ukitilie shaka. Kihakiki kwenye barafu inayoyeyuka, inatakiwa kusoma 0, halafu kwenye maji yanayochemka.

Njia ya kwanza: timazi ndani ya nta

Kitu kikizamishwa ndani ya kimiminika, kimiminika kinakisukuma juu, na chenyewe kinakisukuma kimiminika chini kwa nguvu ileile. Sasa kama kikombe kiko juu ya mizani na timazi inaning'inia kutoka kwenye kichanja ambacho hakigusi mizani, mizani itaona kikombe kimekuwa kizito zaidi. Lile ongezeko la gramu ni uzito wa kimiminika kinachoweza kuijaza nafasi ya timazi. Archimedes, Mgiriki wa kale, alimaliza kazi hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Sisi tunasoma namba tu.

Kwanza tafuta ujazo wa timazi kwa maji.

1. Chemsha maji jioni, yaache yapoe usiku kucha chumba kilekile utakachofanyia kazi. Maji yaliyochemshwa hayatoi vipovu hovyo. Asubuhi pima joto lake. Kwenye nyuzi 15 maji yana densiti ya 0.999, kwenye 22 ni 0.998, kwenye 25 ni 0.997.

2. Weka plaiwudi juu ya mizani, kikombe juu yake, jaza maji kiasi cha sentimita 7 kwenda juu. Panga matofali pembeni, ubao juu, msumari katikati ya kikombe.

3. Pima urefu wa waya kwa jicho kwanza: timazi ikining'inia izame yote, sehemu ya juu iwe sentimita moja au moja na nusu chini ya uso wa maji, na chini isiguse. Ukishapata urefu, funga kitanzi usikibadilishe tena.

4. Toa timazi, ikaushe kabisa. Bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri.

5. Shusha timazi taratibu, ikiwa imeinama kidogo, ili hewa ikimbie. Ning'iniza kwenye msumari. Chungulia kwa tochi: kipovu chochote ukikiona, kiguse kwa ncha ya waya kitoke.

6. Soma namba ikitulia. Rudia mara tatu, ukikausha timazi kila mara. Visomo vikitofautiana zaidi ya 0.03 kuna kitu unakosea.

Timazi yangu inanipa 12.53 kwenye maji ya nyuzi 22. Gawa kwa 0.998, ujazo ni mililita 12.56. Andika namba hii kwenye karatasi, ibandike kwenye kopo la timazi. Hutaipima tena mpaka siku timazi ipate kutu.

Sasa nta. Inunue ikiwa imechujwa, au ichuje mwenyewe kwa kitambaa ikiwa ya moto. Nta ya moja kwa moja kutoka mzingani ina asali, maganda na miguu ya nyuki, na vyote hivyo vina densiti yao.

7. Katakata nta gramu 220 hivi, tia kwenye kikombe, kikombe ndani ya sufuria yenye maji, sufuria jikoni. Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto, hata kwa dakika moja. Ikishika moto usimwagie maji, italipuka kama mafuta ya chipsi. Funika kwa mfuniko, zima jiko. Hapa kwetu maji hayavuki 94, kwa hiyo nta ndani ya maji nayo haivuki hapo.

8. Weka timazi, ikiwa safi na kavu, ndani ya lile kopo tupu la maziwa, na kopo liketi ndani ya majimoto hayohayo, maji yasiingie. Timazi ipate moto kama nta, lakini isiguse nta. Nitaeleza sababu.

9. Nta ikifika nyuzi 88 hivi, itoe. Futa maji yote nje ya kikombe, hasa chini. Tone likidondokea mizani au likikauka katikati ya kisomo namba itatembea. Zungushia kikombe gazeti lililokunjwa mara nne, kiweke juu ya plaiwudi kwenye mizani.

10. Subiri kipimajoto kisome 82. Kitoe. Rudisha sifuri.

11. Shusha timazi ya moto, kavu, moja kwa moja hadi msumarini. Usiichezeshe. Hesabu hadi kumi, soma.

12. Rudisha kipimajoto, soma joto tena. Ukipata 78, wastani wako ni 80. Andika.

Hesabu yenyewe haina maumivu. Timazi nayo ilipata moto ikatanuka: chuma hutanuka ujazo kama sehemu 36 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Kutoka 22 hadi 80 ni nyuzi 58, yaani 0.2 ya asilimia. 12.56 inakuwa 12.59. Kisomo changu cha nta ya mwisho kilikuwa 10.47. Gawa: 0.832. Basi.

Nta safi ikiwa kwenye nyuzi 80 hivi inanipa kati ya 0.82 na 0.84. Ikisoma 0.80 au chini ya hapo kwenye nyuzi 80 ninaanza kumtazama muuzaji usoni, maana nta ya mishumaa ya dukani, ile ya petroli, ikiyeyuka inakaa karibu 0.77, na kuna wanaoichanganya. Densiti peke yake haimtii mtu hatiani, lakini inakutosha kuacha kununua kwake.

Sasa turudi kwenye hatua ya 8, kwa sababu hapa ndipo karibu kila mtu anaanguka, na mimi nilianguka miezi miwili mizima.

Ukiingiza timazi baridi, nta inaganda juu yake papo hapo. Inavaa koti. Timazi yako sasa si 12.56 tena, ni 13 na kitu, na koti lenyewe limetoka kikombeni na sasa uzito wake unabebwa na waya, kwa hiyo densiti inatoka ndogo kidogo. Hilo watu wengi wanaligundua, kwa hiyo wanaamua kuiacha timazi ndani ya nta tangu mwanzo iyeyuke nayo, kisha wanaiinua juu kidogo, wanarudisha sifuri, wanaizamisha. Kwa macho ni akili. Lakini itazame timazi ikiwa juu: inang'aa, imelowa nta, na chini yake kuna tone linakua polepole. Ile nta iliyoshikamana haikuhesabiwa uliporudisha sifuri. Ukizamisha inarudi kikombeni na mizani inaihesabu juu ya kila kitu. Niliwahi kuipima: nilifuta timazi yangu kwa karatasi na kupima karatasi kabla na baada, ikawa 0.14 ya gramu. Kwenye kisomo cha 10.47 hiyo ni zaidi ya asilimia moja ya uongo, na inajirudia kila mara kwa kiasi kilekile, kwa hiyo visomo vyako vitatu vitafanana vizuri na utajisifu bure. Timazi iingie ya moto na kavu. Ukitaka kurudia, ifute ingali ya moto kwa kitambaa hadi isiteleze, irudishe kwenye kopo, ipate moto tena, ndipo uanze hatua ya 9 upya.

Kwa dada wa mishumaa, namba inatumika hivi. Kalibu ya mililita 150 inajazwa na 150 mara 0.832, yaani gramu 125 za nta ya nyuzi 80. Gramu 125 hizo zikiganda na kupoa zinahitaji nafasi ya 125 gawa kwa 0.96, yaani mililita 130. Mililita 20 zimekwenda wapi? Ndilo lile shimo. Hakuna panya. Weka akiba ya gramu 19 au 20, mshumaa ukianza kuganda kando toboa katikati kwa kijiti, na ujazie. Dada mmoja wa njia ya Tukuyu nilimwonyesha hesabu hii, akacheka: "Kumbe miaka yote nilikuwa nawapunja wateja bila kujua."

Njia ya pili: kikombe cha kipimo, kwa alumini

Usiweke chungu cha alumini ya nyuzi 700 juu ya mizani. Najua unaweza kutafuta matofali ya moto na kadhalika. Mizani yangu ya kwanza ilikuwa na sahani ya plastiki, na sahani hiyo hadi leo ina umbo la bakuli.

Njia hii inategemea jambo moja: metali ikiganda ujazo unabadilika, ila uzito haubadiliki. Kwa hiyo jaza chombo unachokijua ujazo wake kwa metali iliyoyeyuka, iache igande na ipoe hadi kesho ukitaka, kisha pima kwa raha zako.

Kwanza usalama, na hapa sitanii. Alumini iliyoyeyuka ikikutana na maji, maji yanageuka mvuke ghafla na kuirusha metali usoni mwako. Si lazima liwe tone unaloliona. Umande wa asubuhi ya Juni unatosha. Kikombe changu kililala nje usiku mmoja, asubuhi nikakipitisha juu ya moto harakaharaka nikaamini kimekauka. Kilitema kipande cha metali kikatoboa aproni ya ngozi. Basi: kila kinachogusa metali kipashwe moto vizuri kupita nyuzi 200 kwanza, pamoja na kijiko, chuma cha kukwangulia na vipande vya skrepa vyenyewe. Mabomba na pistoni zenye matundu hukusanya maji ya mvua, hasa kuanzia Novemba. Kazi ifanyike juu ya mchanga mkavu, usimimine juu ya sakafu ya saruji. Saruji ina unyevu ndani na inapasuka. Viatu vya ngozi, suruali ndefu inayofunika viatu kwa juu, miwani ya kinga. Ndala nyumbani.

1. Tafuta kikombe cha chuma kisicho na mshono, chenye mdomo ulionyooka, mililita 100 hadi 150. Kipande cha bomba la chuma kilichochomelewa kitako pia kinafaa kama uchomeleaji hauvuji.

2. Pima ujazo wake kwa maji: kikombe kikavu kwenye mizani, sifuri, jaza hadi mdomoni, telezesha kioo juu kukata kilichozidi, futa nje, pima ukitoa uzito wa kioo. Changu ni mililita 120.0. Kikaushe, kipime uzito kikiwa kitupu, uandike.

3. Kipake ndani chokaa au udongo mweupe laini uliokorogwa na maji, tabaka jembamba sana. Bila hivyo alumini itang'ang'ania chuma, na chuma chenyewe kitaanza kuliwa. Kipashe hadi kikauke kabisa.

4. Yeyusha skrepa. Usichanganye sufuria kuukuu na pistoni kwenye kipimo kimoja: pistoni zina silikoni nyingi na jibu litakuwa la mchanganyiko ambao hutaupata tena. Ikiyeyuka, ondoa utando na uchafu wa juu kwa kijiko cha moto.

5. Pima joto kwa themokapo ya aina K, yaani kipimajoto cha umeme cha joto kubwa. Lenga nyuzi 700 hadi 720. Mafundi wazoefu wanakisia kwa rangi. Kwa alumini mimi siamini, kwa sababu haing'ai kama chuma, na mchana wa jua inaonekana ileile kwa 680 na 800.

6. Kikombe kiwe kimetoka motoni sasa hivi, chenye moto wa kutosha ili metali isigande ukutani kabla hakijajaa. Kiweke juu ya mchanga mkavu kikiwa kimesimama wima. Mimina bila kusita mpaka juu, metali ivimbe kidogo kupita mdomo.

7. Papo hapo pitisha kipande cha bapa cha chuma cha moto juu ya mdomo, mara moja, kwa mkono usiotetemeka. Kilichozidi kidondoke mchangani. Una sekunde chache tu. Fanya mazoezi na kikombe kitupu kwanza.

8. Acha. Utaona uso unazama katikati inapoganda. Ni sawa, usijazie.

9. Ikipoa kabisa, pima kikombe na metali yake, ondoa uzito wa kikombe.

Mfano wangu: metali gramu 290. Kikombe kilikuwa na moto wa kama nyuzi 650 wakati wa kukata, kwa hiyo kimetanuka: nyuzi 628 mara 36 katika milioni ni asilimia 2.3, 120.0 inakuwa 122.7. 290 gawa kwa 122.7 ni 2.36. Ukisahau kutanuka kwa kikombe utapata 2.42 na kudhani skrepa yako ina kitu cha ziada.

Sasa yule kijana wa lita mbili: 2,000 mara 2.36 ni kilo 4.72 za kujaza. Lakini asiishie hapo. Alumini ikiganda inanywea tena kama asilimia 6 hadi 7, hiyo ni gramu 300 hivi, nayo inatakiwa kutoka kwenye mdomo wa kumiminia ambao bado haujaganda. Mdomo ukiwa mwembamba utaganda kwanza, na shimo litatokea ndani ya kitu chenyewe, mara nyingi pale pa mshikio. Kwa hiyo 4.7, ongeza akiba, ongeza metali ya mdomo na mfereji, ongeza itakayotoka na utando. Wengi wanaishia kuyeyusha kilo 5 na nusu hivi, na ni sawa, ila sasa unajua kila gramu inakwenda wapi.

Risasi, dhahabu na zebaki

Risasi: wanafunzi wanaipenda kwa sababu inayeyuka kwa nyuzi 327 tu. Achana nayo nyumbani. Vumbi na moshi wake vinaingia mwilini na kukaa, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Kwa udadisi tu, ikiyeyuka ina densiti ya 10.66, chuma ni 7.85, kwa hiyo timazi yako ya chuma itaelea juu yake kama kizibo.

Dhahabu iliyoyeyuka ina kama 17.3 kwenye nyuzi 1,064, ngumu ina 19.3. Hakuna sababu ya kuipima ikiwa kimiminika. Ipime ngumu, ndani ya maji, kwa njia ya timazi. Zebaki ni kimiminika tayari, 13.5, na wanaoichoma kwenye jiko la nyumbani wanajua ninachotaka kusema: mvuke wake ni sumu.

Majibu yakikataa

*Densiti ya nta imetoka kubwa, 0.87 au zaidi.* Angalia kwa mpangilio huu: timazi iliingia ikiwa imelowa? Kuna kipovu kimenata? Kipovu ndani ya nta kinaongeza ujazo, kwa hiyo kinaongeza jibu. Kama ni kubwa kupita kiasi, 2 au 3, timazi imegusa kitako cha kikombe na mizani inabeba uzito wake.

*Imetoka ndogo.* Kwanza ichungulie timazi, ncha ya juu haijatokeza, haijavaa koti la nta? Kisha rudia kipimo cha maji. Kipovu kwenye siku ile ya maji kilikupa ujazo wa uongo na kitakufuata kila kipimo. Vyote viwili vikiwa sawa, ndipo umfikirie muuzaji.

*Namba haitulii, inapanda polepole.* Mizani inapata joto. Ongeza plaiwudi, soma mapema. Ikipanda na kushuka ni upepo. Agosti hapa upepo unapita hata chini ya mlango; weka boksi la karatasi kuzunguka mizani, acha tundu la waya.

*Namba inarukaruka.* Timazi inagusa ukuta wa kikombe, au waya unagusa ubao. Sogeza kikombe, usisogeze kichanja.

*Nta inashika ngozi juu kabla sijasoma.* Chumba ni baridi mno. Julai mimi hufanya kazi hii saa nane mchana, na gazeti nazungushia mara nane badala ya nne.

*Alumini inatoka 2.2 au chini.* Kikombe hakikujaa. Kikate kwa msumeno katikati kikishapoa: ukiona mashimo madogomadogo ya mviringo, ni gesi, skrepa ilikuwa na unyevu au mafuta. Ukiona pembe za chini zimebaki duara, kikombe kilikuwa baridi na metali haikufika.

*Inatoka 2.5.* Hukukata vizuri, imebaki imevimba mdomoni. Metali iliyoyeyuka ina ngozi ngumu ya juu na inaweza kusimama milimita mbili au tatu kupita ukingo bila kumwagika. Bapa lako liwe limenyooka na la moto, na ulilaze kabisa juu ya mdomo.

*Kila nikirudia napata namba tofauti, tofauti ya 0.05 hivi kwa alumini.* Hiyo ndiyo njia yenyewe. Fanya tano, tupa ile uliyoona mwenyewe mkono umetetemeka, chukua wastani wa zilizobaki. Kwa kukadiria skrepa ya sufuria inatosha. Kwa mradi wa kidato cha sita, andika na hizo tano zote. Msimamizi anapenda kuziona kuliko jibu moja zuri.